GTO, Chevelle, Road Runner au Mustang: ukitafuta gari la misuli, anza na namba

Shemeji yangu anaishi Michigan. Miaka michache iliyopita alinunua Chevelle ya 1969, nyeusi, yenye mistari myeupe ubavuni na beji za SS 396 mbele na nyuma. SS ni Super Sport, Chevelle ya nguvu, na 396 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Akiiwasha nje, vikombe vya kabatini jikoni viligongana. Aliilipia bei ya SS. Wiki ya pili nilimpigia kumpongeza, nikamwomba anisomee namba iliyopigwa kwenye kibati kidogo juu ya dashibodi, kile kinachoonekana kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Akaanza kusoma: moja, tatu, tano. Nikamwambia arudie.

"Tano, shemeji."

Namba ya Chevelle ya mwaka huo ikianza na 135, gari lilitoka kiwandani likiwa Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, ya silinda sita. SS zote za 1969 zilitoka na V8, kwa hiyo namba zake huanza na 136, au 134 kwa zile zilizojengwa juu ya bodi ya bei nafuu zaidi. Mtu fulani alikuwa ameng'oa injini ya silinda sita, akafunga V8, akanunua beji mpya dukani na kupandisha bei. Kazi ya ufundi ilikuwa safi kabisa. Uongo ulikuwa kwenye jina, na jina ndilo alilolilipia.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue lipi kati ya magari haya ya zamani ya Kimarekani, sianzi na nguvu za injini. Nauliza kwanza: gari lenyewe litawezaje kukuonyesha kwamba ni lile muuzaji analosema? Jibu hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni, na tofauti hiyo inagusa mfuko kuliko sekunde mbili za mbio. Nimechukua manne ambayo watu huyaulizia zaidi: Pontiac GTO ya 1964 hadi 1967, Chevrolet Chevelle SS ya 1966 hadi 1970, Plymouth Road Runner ya 1968 hadi 1970, na Ford Mustang ya 1965 hadi 1968.

Yalikotoka

Wamarekani huyaita magari ya misuli. Ni gari la ukubwa wa kati, la bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani anaimudu, lililotiwa injini iliyokusudiwa gari kubwa. Oldsmobile ilionyesha njia mwaka 1949 ilipoweka V8 yake mpya ya Rocket ndani ya bodi ndogo ya modeli ya 88. Chrysler nayo mwaka 1955 ikatoa C-300 yenye nguvu za farasi 300, ila lile lilikuwa gari la mwenye nacho.

Mlango wenyewe ulifunguliwa na katazo. Mwanzoni mwa 1963 General Motors iliamuru kampuni zake zote ziache mashindano. Pontiac ilikuwa imejenga jina lake kwenye viwanja vya mbio, na ghafla ikawa haina cha kuwaambia vijana. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wake, pamoja na Bill Collins na Russ Gee, waliona kwamba injini ya inchi za ujazo 389, karibu lita 6.4, ingekaa bila shida mahali pa ile ya 326 ndani ya Tempest, kwa sababu kwa nje zilikuwa sawa. Kulikuwa na kikwazo kimoja: kanuni ya General Motors ilisema gari la ukubwa wa kati lisizidi inchi 330. Wakapita pembeni. Injini ile haikutangazwa kama gari jipya, iliorodheshwa kama nyongeza ya kuagiza juu ya modeli ya LeMans, ile Tempest ya daraja la juu, kwa bei isiyofika dola 300. Wakubwa waliruhusu magari 5,000 tu. Mwaka huo wa 1964 zikauzwa 32,450.

Baada ya hapo kila kampuni ilikimbilia huko. Vijana wa Detroit walipambana usiku kwenye barabara ya Woodward, kutoka taa moja hadi nyingine, na wahandisi wa viwandani walipita palepale kuangalia nani anamwacha nani. Sherehe haikudumu. Kampuni za bima zilianza kuwatoza vijana ada nzito kwa gari lenye injini kubwa. Sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi. General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake kwa modeli za 1971, na Oktoba 1973 likaja zuio la mafuta kutoka nchi za Kiarabu. GTO ya mwisho ya zama zile ilikuwa ya 1974. Miaka kumi tu, basi.

Karatasi na namba: hapa ndipo yanapoachana

Chukua GTO kwanza. Ya 1964 na ya 1965 ina kasoro moja: kwa kuwa GTO ilikuwa nyongeza tu, namba ya gari inasema LeMans. Ukiangalia namba peke yake huwezi kujua. Kuanzia 1966 ikawa modeli inayojitegemea na namba zake huanza na 242, hivyo hata mtoto wa shule anaweza kukagua. Lakini hata zile mbili za mwanzo zina wokovu. Kumbukumbu za ankara za kiwandani za Pontiac kuanzia 1961 hazikuteketezwa. Zimetunzwa na huduma iitwayo PHS, Pontiac Historic Services. Unatuma namba ya gari na ada, nao wanakuletea nakala ya ankara yenyewe: rangi, injini, giaboksi, nyongeza zote, hata duka lililopelekewa gari likiwa jipya. Muuzaji wa GTO asiye na karatasi za PHS ama ni mvivu ama anajua kitu. Ada yake ni ndogo mno mbele ya bei ya gari kiasi kwamba kisingizio hakipo.

Sasa weka Chevelle kando yake. Magari haya mawili ni ndugu wa damu. Yamejengwa juu ya chesisi ya aina moja ndani ya General Motors ileile. Kwa upande wa ushahidi lakini ni mbingu na ardhi. SS ya 1966, 1967 na 1968 ina namba inayoanza na 138, na hapo hakuna ubishi. Mwaka 1969 Chevrolet iliigeuza SS kuwa nyongeza, na kuanzia hapo namba inaweza kukuambia tu kwamba gari si SS, kama ilivyomtokea shemeji. Haiwezi kukuambia kwamba ni SS. Na Chevrolet haina hazina ya kumbukumbu kama ya Pontiac kwa magari yaliyouzwa Marekani. Yaliyouzwa mapya Kanada yana bahati, kwa sababu tawi la Kanada lilitunza zake.

Kwa hiyo mnunuzi wa Chevelle ya 1969 au 1970 anabaki kutafuta vitu vilivyosalia kwa bahati. Cha kwanza ni karatasi ya kiwandani ya maagizo ya kuunda gari, ambayo wafanyakazi waliiacha juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti. Cha pili ni ankara ya duka. Cha tatu ni kile kibati cha chuma cha dhamana kiitwacho Protect-O-Plate, kilichofungwa ndani ya kijitabu cha mwenye gari. Vikikosekana vyote, unabaki na namba ya injini, iliyopigwa mbele ya bloku upande wa abiria: herufi zinazotaja aina ya injini, na sehemu ya namba ya gari. Zikilingana na kibati cha dashibodi ni jambo jema, ila usishangilie mapema. Wapo mafundi wanaosaga uso ule na kupiga namba upya. Uso wa kiwandani una mikwaruzo myembamba iliyonyooka ya mashine. Uliosagwa upya huwa laini kama sahani, au una mikwaruzo ya msasa inayozunguka. Nenda na tochi, na uende na mtu aliyewahi kuona halisi.

Gharama ya udhaifu huu inaonekana zaidi kwenye Chevelle kubwa kuliko zote, SS 454 ya 1970 yenye injini ya LS6. Ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 450, na injini zilizohesabiwa ni 4,475, ikiwa ni pamoja na zilizofungwa kwenye El Camino, pikapu ya Chevrolet. Mtu akikuonyesha LS6 bila karatasi, unaangalia gari zuri lenye injini kubwa. Ukishindwa kulithibitisha, lilipe bei ya Malibu iliyofungwa injini kubwa, usiongeze hata senti.

Road Runner inasema ukweli wake waziwazi. Plymouth waliweka kila kitu kwenye namba. Herufi mbili za mwanzo ni RM, yaani Road Runner na si Belvedere ya kawaida, na alama ya tano ni herufi ya injini. Kwa 1968 na 1969, H ni injini ya inchi 383 na J ni ile ya 426 iitwayo Hemi. Mwaka 1970 herufi zilibadilika: N ni 383, V ni 440 yenye kabureta tatu, R ni Hemi. Ukiwa umesimama kando ya barabara, bila simu wala kitabu, umeshajua gari lilizaliwa na moyo gani. Chini ya boneti, kwenye madigadi ya kushoto kwa ndani, kuna kibati kingine kinachotaja rangi na nyongeza. Kibati hicho hutengenezwa upya na wajanja, hivyo kilinganishe na karatasi ya kiwandani ikiwa ipo. Namba ya dashibodi ndiyo shahidi mkuu. Mtazame vizuri, pamoja na ribiti zake, kama amewahi kung'olewa.

Mustang iko kati. Ford nao waliweka herufi ya injini kwenye namba, mahali pa tano. Kwa 1965 na 1966, T ni silinda sita, C ni V8 ya inchi 289 yenye kabureta ndogo, A ni ileile yenye kabureta kubwa, na K ndiyo inayotafutwa, yenye nguvu za farasi 271. Kifurushi cha GT hakimo kwenye namba, ila kuna ufunguo: kiwandani GT ya miaka hiyo miwili iliuzwa na A au K tu. Ukiona Mustang ya 1966 yenye beji za GT na namba inasema C, umeona vazi la kuazima. Kuanzia modeli za 1967 kazi inakuwa nyepesi, kwa sababu kampuni ya Kevin Marti ina haki ya kutumia kumbukumbu za uzalishaji za Ford. Ripoti ya Marti hukuambia gari liliundwa lini, kwa rangi gani na nyongeza zipi, na liliuzwa duka gani. Kwa hiyo mtu akiniuliza kati ya Mustang ya 1966 na ya 1967, kwangu hiyo ripoti peke yake inatosha kuipeleka fedha kwenye ya 1967.

Bati, kutu na mahali lilipoishi

Injini mbovu huniogopesha kidogo tu. Injini hushushwa, hufunguliwa, hufungwa tena. Bati lililooza hula pesa bila kushiba.

GTO na Chevelle zina chesisi kamili iliyo mbali na bodi. Sakafu ikioza, fundi hukata na kuchomelea bati jipya huku mifupa ya gari ikiwa imara. Mustang na Road Runner hazina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kutu ikiingia kwenye mihimili ya chini, unazungumzia gari linalopinda. Kwenye Mustang piga goti na mwaga maji chini ya kioo cha mbele, mahali pa kuingizia hewa, halafu angalia kama zulia la ndani linalowa. Ugonjwa huo ni wa karibu kila Mustang ya zamani, na kuutibu ni kufumua nusu ya sehemu ya mbele. Kagua pia minara ya springi za mbele, maana hupasuka. Kwenye Road Runner tazama sakafu ya buti, sehemu ya chini nyuma ya matairi, na mihimili inayoshika vyuma vya kupinda vinavyofanya kazi ya springi mbele. Ikiwa paa limevikwa vinaili, bonyeza kwa kidole kuzunguka kioo cha nyuma. Panapobonyea, chini yake hakuna bati.

Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, pale pana puti ya kusawazishia bati, na puti huficha mengi.

Mahali gari lilipoishi pana uzito kuliko idadi ya wamiliki. Michigan na Ohio humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi, na chumvi ile imeua magari mengi kuliko ajali. Gari la Arizona au la bara ya California litakuwa na dashibodi iliyopasuka na viti vilivyochomwa na jua, lakini chini litakuwa kavu. Viti vinashonwa. Mimi ningechukua Road Runner ya Arizona yenye rangi iliyopauka na kuiacha ya Ohio inayong'aa.

Kwa spea, Mustang haina mpinzani. Ziliuzwa nyingi mno: Ford walipoionyesha tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368, walipokea oda zaidi ya 22,000 siku hiyo moja, na modeli ya mwaka wa kwanza ilifika 680,989. Karibu kila kitu hutengenezwa upya, hadi bodi nzima. Chevelle inafuata kwa karibu, na injini yake ni ya Chevrolet ambayo kila fundi wa Marekani anaijua kwa kupapasa. GTO ni ghali zaidi kuihudumia, kwa kuwa injini yake ni ya Pontiac yenyewe na haibadilishani vipuri na ya Chevrolet. Road Runner ina injini ngumu isiyolalamika, lakini mapambo na vitu vyake vya ndani hutafutwa kwa tochi.

Barabarani

Usitarajie gari la kisasa. Nguvu zinazotajwa kwenye matangazo ya zamani zilipimwa injini ikiwa juu ya stendi, bila mizigo ambayo huibeba ndani ya gari. Kipimo kilibadilishwa mwaka 1972, na ndiyo maana takwimu za mwaka huo zinaonekana kama zimeanguka ghafla. Breki za ngoma zilikuwa za kawaida, na kwa modeli za kabla ya 1967 mfumo wa breki ni mmoja: ukivuja, zote zimekwenda. Kuanzia 1967 mfumo uligawanywa mara mbili, na General Motors waliongeza diski za mbele kwa anayelipa. Kwa anayebeba familia, hiyo ni sababu tosha ya kutafuta ya 1967 kwenda mbele.

Kati ya GTO mbili ninazozipenda, ya 1966 iliuzwa kuliko zote, 96,946, na ndiyo ya mwisho kuwa na zile kabureta tatu zinazofunguka ukikanyaga hadi sakafuni. Ya 1967 ilipoteza kabureta hizo, ikapata injini ya inchi 400, breki bora, na giaboksi ya otomatiki yenye gia tatu badala ya mbili. Moyo wangu uko kwa 1966. Nikiambiwa niendeshe kila Jumamosi, nachukua 1967.

Road Runner ni hadithi ya peke yake. Kufikia 1968 magari ya misuli yalikuwa yameanza kujaa madoido na bei kupanda, na Plymouth wakaamua kurudi chini. Waliondoa zulia, wakaweka raba. Kiti cha mbele kikawa kimoja kirefu. Pesa yote ikaenda kwenye injini ya 383 yenye nguvu za farasi 335 na giaboksi ya gia nne. Bei ilianzia dola 2,896. Waliwalipa Warner Bros. dola 50,000 kwa jina na picha ya yule ndege wa katuni, wakatengeneza na honi inayolia kama yeye. Walitarajia kuuza 20,000 hivi. Mwaka wa kwanza zikaenda karibu 45,000. Ukiiendesha leo bado unasikia ule uamuzi. Hakuna kinachojifanya. Usukani ni mzito, upepo unaingia, na injini inakuvuta kutoka chini kabisa bila kuhema.

Mustang ya silinda sita si gari la misuli, na wakereketwa watasema hata yenye V8 ni ya kundi jingine dogo. Sina ugomvi nao. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kurekebisha kabureta, Mustang ya C-kodi yenye 289 ndiyo shule bora: nyepesi, rahisi kufungua, na kosa lako la kwanza halitakufilisi.

Jambo la mafuta lisikupite. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi na yenye okteni ya juu. LS6 ina mgandamizo wa 11.25 kwa 1, na petroli ya kawaida ya leo huifanya igonge. 383 na 289 ndogo huvumilia zaidi. Uliza kama viti vya vali vimebadilishwa kuwa vya chuma kigumu, na badilisha mipira yote ya mafuta, kwa sababu ethanoli iliyochanganywa kwenye petroli ya sasa huila ile ya zamani.

Bei, na kinachoipandisha

Ukiyapanga kwa gari zuri lenye ushahidi, Mustang ya V8 ya kawaida ndiyo rahisi kuifikia. GTO na Road Runner ya 383 zinakaa katikati, na Chevelle SS ya 396 huwa hapo au juu kidogo kwa sababu jina la Chevrolet linapendwa mno. Juu yake ziko za injini adimu: K-kodi, LS6, Hemi, na hizo zina dunia yake.

Dunia hiyo ina jambo linalonigusa. Nyingi kati ya zilizo adimu leo ziliachwa na wanunuzi wakati wake. Hemi kwenye Road Runner ya 1968 iliongeza dola 714 juu ya gari la dola 2,896, na bima juu yake. Vijana wachache waliweza. Chevrolet Camaro ya ZL1 ya 1969, yenye injini ya alumini, zilitengenezwa 69 tu, na bado nyingine zilikaa dukani bila mteja. Plymouth Superbird ya 1970, yenye bawa lile refu nyuma, ilikuwa mzigo kwa wauzaji. Plymouth 'Cuda ya 1971 yenye Hemi na paa la kukunja hazikufika hata dazeni moja kwa soko la Marekani. Moja iliuzwa kwenye mnada wa Mecum huko Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5.

Usiichukue bei hiyo kama kipimo chako. Soko lilipanda sana hadi 2006 na 2007, kisha likaanguka vibaya, na walionunua kileleni kwa mkopo waliumia. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1968 sasa amepita 75. Wengi wanauza, na wengine warithi wao wanauza bila kujua wanachouza. Magari ya kawaida yatazidi kuonekana sokoni. Yale yenye ushahidi kamili, injini iliyozaliwa nayo na rangi yake ya kwanza, nayaona yakishikilia thamani. Mengine nunua kwa sababu unataka kuyaendesha.

Kwa aliye Afrika Mashariki au Ghuba

Barabara zetu si ngeni kwa V8 za Detroit. Mwaka 1964 Ford walileta Mercury Comet sita kwenye mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mbili tu zilifika mwisho, na ushindi ukaenda kwa Ford ndogo, Cortina GT ya Peter Hughes na Bill Young.

Kulileta gari leo ni habari nyingine. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililozidi miaka 8 wala lenye usukani wa kushoto, na Tanzania huongeza ushuru kwa gari kuukuu. Ongea na wakala wa forodha kabla ya kutuma hata malipo ya awali. Walio Muscat au Dubai wana nafuu, kwa kuwa huko usukani wa kushoto ndio wa kawaida na V8 za Kimarekani zina wapenzi wengi. Adui wao ni joto, ambalo huchemsha mafuta ndani ya kabureta gari likisimama kwenye foleni. Kwa joto hilo rejeta mpya hutangulia rangi mpya.

Ningechagua lipi

Pesa yangu ingeenda kwa GTO ya 1967 yenye karatasi za PHS. Ina historia, namba yake inajitaja, chesisi yake inasamehe kutu, na breki zake zinatosha kumpandisha mama mzazi. Asiye na mfuko huo achukue Road Runner ya 1968 au 1969 yenye H, hata kama rangi imekwisha, mradi chini ni kavu. Anayeanza kabisa achukue Mustang ya 1967 yenye 289 na Ripoti ya Marti, ajifunzie hapo. Chevelle ninaipendekeza ya 1966 hadi 1968 yenye 138 mwanzoni. Ya 1969 na 1970 ninunue tu nikiwa nimeishika karatasi ya kiwandani mkononi, au kwa bei ya Malibu.

Shemeji hakuiuza yake. Alitafuta muuzaji kwa miezi minne, simu ikawa haipatikani, akaacha. Kisha Jumamosi moja alichukua kikausha nywele cha mkewe, akapasha moto beji moja baada ya nyingine na kuzibandua, akaziba matundu, akaagiza maandishi ya Malibu na kuyaweka mahali pake. Agosti aliipeleka Woodward, akaegesha kati ya SS mbili. Waliopita walimwuliza imekuwaje Malibu ikanguruma vile, naye akawafungulia boneti.